Lenzi Isiyojizungusha

Lenzi niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kuwa nazo ilikuwa ndogo kama kikombe cha kahawa, nyeusi, ya plastiki, na siku nilipoifunga kwenye kamera yangu kwa mara ya kwanza ilikataa kufanya kazi. Nawaambia hili mapema kwa sababu karibu kila Jumapili baada ya ibada kuna mmoja wenu anayenisimamisha nje ya kanisa na simu mkononi. Ananionyesha picha za lenzi mbili tatu, ananiuliza, "Mama Neema, niko na pesa ya moja tu. Ninunue gani?" Anadhani nitamtajia jina. Mimi nataka kwanza nijue anapiga picha za nani, akisimama wapi, na mwanga unatoka upande gani. Nikianza maswali hayo naona mtu anaangalia saa. Basi nimeyaandika. Msome mkiwa na nafasi.

Kwa wasionijua, naitwa Nafula. Nilipiga picha kwa karibu miaka thelathini, mingi kati yake nikiwa Kenyatta Market, kwenye kibanda ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kulia kwangu ilikuwa saluni ya Wairimu. Nyuma yetu walikuwa wachoma nyama. Picha za pasipoti ndizo zilizonilisha, na mteja mmoja aliwahi kurudi kuniambia kwamba karani aliyepokea fomu zake alizinusa zile picha, kisha akauliza saa ya chakula cha mchana ni saa ngapi.

Wikendi nilipiga harusi. Ilikuwa miaka ya elfu mbili, filamu inaondoka na dijitali inaingia, na mimi nilikuwa nimejinunulia kamera ndogo ya dijitali pamoja na lenzi yake ya kuvuta, ile inayokuja ndani ya boksi. Nje, kwenye jua, ilikuwa lenzi nzuri tu. Msiwasikilize wanaoitukana. Harusi za bustanini, watoto wakikimbia, mashangazi wakicheza, nilipiga na kila mtu akafurahi.

Shida ilikuwa ndani. Kuna kanisa moja la mawe kule Woodley, madirisha membamba, dari ya mbao nyeusi, na mchungaji wa wakati huo hakutaka flashi wakati wa viapo. Alisema inafanya watu wafikirie picha badala ya Mungu, na sikuweza kumpinga kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nafikiria picha. Nikapiga viapo vya mwalimu mmoja kijana na bibi yake bila flashi. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera zilionekana sawa. Kwenye kioo kidogo kila picha ni sawa, likumbukeni hilo.

Nilipozichapisha, mama wa bibi harusi alikuja kibandani kuchukua albamu. Akafungua ukurasa wa viapo. Akavua miwani, akaipangusa kwa leso, akaivaa tena.

"Mama Neema," akasema polepole, "hii ni miwani yangu ama ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

Akafunga albamu, akanishukuru, akaenda zake. Ningependelea anigombeze. Usiku mzima nilimwona akiipangusa ile miwani.

Basi haikupita muda mrefu, siku moja mchana Wairimu wa saluni akaingia kibandani, akavuta pazia, akaketi kwenye kiti cha pasipoti kana kwamba nataka kumpiga picha.

"Nafula, mimi naolewa."

"Na nani?"

"Unauliza na nani na nyama yake ndio unakulanga kila siku?"

Niwaeleze. Wairimu alikuwa na miaka arobaini na sita. Alikuwa ametangaza mara nyingi, mbele ya wateja, kwamba mambo ya wanaume aliyamaliza. Na kwa miaka minne, saa saba kamili, mchoma nyama mmoja aitwaye Shadrack, mjane, mtu mkubwa wa maneno machache, alikuwa analeta sahani ya mbavu saluni, anaiweka kwenye kaunta karibu na vitana, anasema, "Ya moto hiyo," na kuondoka. Wairimu alikuwa ananigawia nusu. Miaka minne nimekula posa ya mtu bila kujua.

Nilifurahi mpaka nikamkumbatia pale pale kwenye kiti. Kisha nikauliza harusi itakuwa kanisa gani.

"Ile ya mawe. Huko Woodley."

Nikarudi nyuma. "Tafuta mtu mwingine, Wairimu. Pale ndani sioni. Uliza mama mkwe wa yule mwalimu."

"Sitaki mwingine. Huyo mwingine ataniambia nitabasamu. Wewe unanijua hata nikiwa na hasira."

"Na picha zikitoka na ukungu?"

"Basi zisitoke na ukungu," akasema, akasimama, akajitazama kwenye kioo changu. "Uko na miezi mbili."

Wairimu alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikwenda zake kumalizia kichwa cha mteja, akaniacha na kazi.

Nilikuwa na akiba ya lenzi. Nilikuwa nimeiweka kidogo kidogo, na ilitosha lenzi moja, si mbili, tena kwa kubana. Na tayari nilijua ninachotaka. Katika duka moja la kamera katikati ya jiji kulikuwa na lenzi ya kuvuta mbali, iliyotumika, ndefu kama chupa ya chai, ya kijivu, na ina mguu wake wa kusimamia. Kila nilipokwenda mjini kununua karatasi nilipita kuiangalia. Wapiga picha wakubwa wa magazeti walikuwa na kama hiyo. Niliona jinsi wageni wa harusi wanavyowapisha njia. Mimi nilikuwa nasukumwa na watoto wa maua. Nilitaka kupishwa njia, huo ndio ukweli, na kama moyo wako unaruka kwa sababu ya jinsi utakavyoonekana umeibeba lenzi, mwache muuzaji na hiyo lenzi yake, nenda ukanywe chai kwanza.

Nashukuru sikuinunua siku hiyo. Nilipitia kwa Fundi Kariuki.

Fundi Kariuki alikuwa anatengeneza kamera katika chumba cha orofa ya tatu, nyuma ya River Road. Alikuwa ameanza kazi akiwa kijana kwenye chumba cha giza cha studio, akiosha picha za watu, na alikuwa bado anatembea kama mtu anayeogopa kugonga beseni. Meza yake ilijaa skrubu ndogo kama mbegu za nyanya. Alikuwa ameshanitengenezea kamera mara mbili, na mara zote mbili alinigombeza kwa sababu ya mchanga.

Nikamweleza habari ya ile lenzi ndefu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Neema, usiniambie unataka nini," akasema. "Niletee picha mia moja. Zako. Zile wewe mwenyewe unapenda."

Nikamletea, zimejaa kwenye mfuko wa unga. Akaniambia nizipange sakafuni kwa mafungu matatu: zile ambazo ningeweza kumgusa mtu kwa mkono, zile za kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine, na zile za mbali. Nilipiga magoti, nikazipanga. Fungu la karibu likawa refu mpaka likaanguka. La katikati lilikuwa la kadiri. Fungu la mbali lilikuwa na picha nne.

Fundi akainama, akaokota moja kati ya zile nne, akaigeuza kwenye mwanga.

"Huyu ni nani?"

"Ni kunguru, Fundi."

"Ehe. Kwa hivyo unataka kumaliza pesa yako yote kwa lenzi ya kunguru."

Nikacheka mpaka nikakaa sakafuni kabisa, juu ya picha zangu. Na hapo ndipo nilipojijua. Miaka yote hiyo nilikuwa nawapiga watu nikiwa karibu nao, naongea nao, na sikuwa nimewahi kuliona jambo hilo. Fanyeni hivyo kabla ya kununua chochote. Siku hizi picha ziko kwenye kompyuta na kila moja imeandikwa ilipigwa kwa milimita ngapi, yaani lenzi ilivutwa kiasi gani. Hamhitaji hata kupiga magoti.

"Shida yako haikuwa umbali," Fundi akaendelea. "Shida yako ilikuwa giza." Akasimama, akafunga dirisha lake la mbao likabaki ufa tu, akanipa gazeti. "Soma."

"Sioni."

Akalifungua dirisha lote. "Soma sasa."

Nikasoma.

"Hiyo ndiyo lenzi. Ukiambiwa lenzi ni kubwa, usiangalie urefu. Uliza mlango wake unafunguka kiasi gani."

Akanieleza kwa kalamu, nyuma ya bahasha. Lenzi yangu ya boksi, nikiivuta kufikia uso wa mtu, tundu lake lilikuwa nambari tano pointi sita. Kuna lenzi ndogo ya milimita hamsini, haivuti wala kusukuma, tundu lake moja pointi nane. Nambari ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ni jambo la kinyume, lakini mtalizoea. Kati ya hizo mbili, ile ndogo inaingiza mwanga karibu mara kumi. Maana yake ni kwamba pale kanisani, mahali ambapo kamera yangu ilikuwa inafumbua jicho kwa sehemu ya kumi ya sekunde, muda wa kutosha mtu kupumua na kutikisika, sasa ingefumbua kwa sehemu ya mia. Mtu hawezi kutikisika sana katika sehemu ya mia.

"Na bei?" nikauliza.

Akanitajia. Hata nusu ya akiba yangu haikufika. Nilidhani ananitania, kwa sababu mpaka siku hiyo niliamini kitu kizuri lazima kiumize.

"Ni rahisi kwa sababu haifanyi mambo mengi," akasema. "Inafanya moja."

Aliniazima tochi yake, akanifundisha kukagua lenzi iliyotumika. Mulika kutoka nyuma, utazame kutoka mbele. Vumbi kidogo si kitu, kila lenzi ina vumbi. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, rudisha. Tazama vile vibati vinavyofungua na kufunga tundu, viwe vikavu. Vikiwa na mafuta vitanata. Tazama vichwa vya skrubu. Vikiwa vimekwaruzwa, kuna mtu ameshaifungua, na hujui alikuwa fundi au alikuwa na kisu cha mboga. Itikise karibu na sikio, usisikie kitu kikigonga ndani. Niliyashika yote kichwani kama mtoto anayekariri mistari ya Jumapili.

Alhamisi moja, siku tisa kabla ya harusi, nikaenda mjini kuinunua. Nikamulika, nikatazama, nikatikisa, muuzaji akanitazama kwa heshima mpya. Nikalipa. Kitu kimoja tu sikukifanya. Kamera yangu nilikuwa nimeiacha nyumbani, mtaa wa Satellite, kwenye kabati chini ya blanketi, kwa sababu niliogopa kuibiwa mjini. Kwa hivyo sikuijaribu lenzi kwenye kamera yangu mwenyewe.

Nilifika nyumbani, binti yangu Neema akiwa mezani na vitabu. Nikaifunga. Ikakaa, tik, vizuri. Nikamlenga, nikabonyeza kitufe nusu. Kimya. Nikabonyeza tena. Ile lenzi ya boksi ilikuwa inanguruma kidogo, inajizungusha, inatafuta uso wa mtu. Hii ilikaa kama jiwe. Neema alikuwa ukungu mweupe wenye vitabu.

Nikapiga simu dukani.

"Mama, lenzi ni mzima," muuzaji akasema. "Lakini hiyo haina mota ndani. Inazungushwa na mota ya kamera. Kamera kubwa iko nayo. Hiyo yako ndogo haina."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniambia kamera yako ni gani."

Alikuwa sawa. Na kwenye risiti ilikuwa imeandikwa kwamba mali ikiuzwa hairudi, na lenzi yenye mota yake ndani ilizidi akiba iliyonibakia. Nilikaa jikoni, lenzi mezani mbele yangu. Nilifikiria Wairimu na kanisa la mawe, nikaona aibu ikinipanda kutoka miguuni. Neema akaniuliza kama imeharibika. Nikamwambia lenzi haijaharibika, aliyeharibika ni mama yake. Akaniletea chai.

Asubuhi nilikuwa kwa Fundi kabla hajafungua mlango. Nilimweleza kwenye ngazi. Alisimama na funguo mkononi, akaanza kucheka bila sauti, mabega tu, mpaka akavua miwani.

"Unacheka nini, Fundi? Mtu anaolewa wiki ijayo."

"Nacheka kwa sababu hata mimi nilisahau kukuuliza," akasema. "Miaka yangu yote, lenzi ilikuwa inazungushwa na mkono. Sikujua siku hizi mtu anaweza kosa mkono."

Akanitengenezea nafasi mezani, akasukuma skrubu kando. Akaniambia nitazame ndani ya kamera, chini pembeni. Kuna kitone cha kijani. Kamera haiwezi kuizungusha lenzi, lakini bado inajua picha ikiwa kali, na ikijua inawasha kile kitone. Nilikuwa na kamera ile mwaka mzima na sikuwa nimewahi kukitazama.

"Lakini kitone kinachelewa," akasema, "na watu hawangoji. Kwa hivyo tutakufundisha umbali."

Akapima mita mbili kwa rula kutoka kwenye kiti hadi ukutani, akanisimamisha, nikaizungusha pete ya lenzi mpaka maandishi ya kalenda yake yakawa makali. Kisha akachukua plasta, ile ya kufunga kidonda, akakata kipande kidogo kama ukucha, akakibandika kwenye pete. Kidole changu kikiipata plasta, lenzi iko mita mbili, hata nikifumba macho.

"Sasa acha pete. Usiiguse tena. Songa wewe. Mtu akirudi nyuma kidogo, wewe songa mbele kidogo. Na usifungue mlango mpaka mwisho. Weka mbili pointi tano, ujiachie nafasi ya kukosea."

Hiyo ya kujiachia nafasi ya kukosea nimeitumia hata kwenye mambo yasiyo ya picha.

Nilikuwa na siku nane. Wairimu aliponiuliza kama lenzi imefika nilimwambia imefika, na kwamba sharti nifanye mazoezi saluni kwake. Sikumwambia kwa nini. Alinikatia uzi mweusi wa kusukia nywele, urefu wa mita mbili, nikaufunga kwenye mguu wa kiti chake, na kutwa nzima nilikuwa nauvuta uzi, nasimama, naachia, napima kwa macho, kisha nauvuta tena kuona kama nimekisia sawa. Siku ya kwanza nilikuwa nakosea kwa nusu hatua. Siku ya tatu nilikuwa nakosea kwa kiganja.

Nilipiga mikono ya wasusi. Vidole vinakwenda mbio, na ukiweza kukamata kidole cha msusi huna cha kuogopa kwa mtu aliyesimama madhabahuni. Nilipiga wanawake chini ya mashine ya kukausha nywele. Kwa kawaida mteja wa saluni akiona kamera anajifunika na taulo, lakini baada ya siku mbili walinizoea. Walikuwa wanaona mama anazungusha kitu kidogo kama anafungua chupa ya jemu iliyokwama, anarudi nyuma, anasonga mbele, anajisemesha. Mmoja akamuuliza Wairimu, "Huyu anapiga picha ama anacheza?"

"Anajifunza kunioza," Wairimu akasema.

Siku ya tano, jioni, nilipata ya kwanza niliyoipenda. Ilikuwa ya vidole vitatu vya msusi vikivuka uzi, na unaona hata mistari ya ngozi, na nyuma yake kila kitu kimeyeyuka, kaunta, vioo, chupa za mafuta, vyote vimekuwa rangi tu. Sikuwa nimewahi kutoa picha kama hiyo. Nilitoka nikaenda nikasimama nyuma ya kibanda, peke yangu, nikaitazama kwenye kile kioo kidogo. Nikaikuza mpaka mwisho, maana nilikuwa nimepata adabu. Ilikuwa kali.

Jumamosi ikafika. Soko nusu lilihamia Woodley. Wachoma nyama walivaa suti, na mkitaka kumtambua mchoma nyama aliyevaa suti, tazameni mikono: hajui aiweke wapi. Wairimu alikuja na gauni la rangi ya maziwa, nywele alizosukwa na wasichana wake watatu kwa pamoja, na hakutabasamu hata kidogo. Shadrack alisimama mbele akitokwa na jasho kuliko siku yoyote nimewahi kumwona kwenye moto.

Mchungaji akanitazama, akainua kidole: hakuna flashi. Nikaitikia kwa kichwa. Nikasogea hadi mahali nilipokisia ni mita mbili. Kidole kikaitafuta plasta, kikaipata.

Wairimu alisema viapo vyake kama mtu anayesoma bei, wazi, bila kukwama. Ikawa zamu ya Shadrack. Mchungaji alikuwa amewaambia wajifunze kwa moyo, na kila mtu sokoni alikuwa amemsikia Shadrack akijifunza, akigeuza nyama na kusema "katika shida na raha". Akafungua mdomo. "Mimi, Shadrack," akasema. Akanyamaza. "Mimi, Shadrack," akasema tena.

Maneno yalikuwa yameisha. Nilimwona akitazama dari, kisha viatu. Kanisa likaanza kukohoa kidogo kidogo. Mchungaji akafungua kitabu chake amsaidie, lakini Wairimu hakumngoja. Alimshika bega, akajinyanyua kwa vidole vya miguu na shela lake lote, akamnong'oneza sikioni. Alinong'ona kiapo kizima, taratibu, kama mtu aliye na siku nzima. Shadrack alifumba macho ili asikie.

Walipokaribiana hivyo, walitoka kwenye mita zangu mbili. Nililiona hilo kwa mwili kabla ya kulifikiria. Kitone cha kijani kilikuwa kimezima. Sikuigusa pete. Nikasonga hatua moja ndogo mbele, ile niliyoisonga mara mia saluni, kitone kikawaka, nikabonyeza. Mara moja. Nilipotaka kubonyeza ya pili Shadrack alikuwa ameshafumbua macho, anasema viapo vyake kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, na kanisa lote linacheka na kupiga makofi, hata mchungaji.

Sikuitazama ile picha. Niliogopa. Niliendelea kupiga mpaka jioni, kwenye karamu, ambapo bwana harusi aliondoka meza kuu mara mbili kwenda kukagua moto, na mara ya pili bibi harusi alimfuata akamrudisha kwa mkono wa koti. Hizo nilizipiga kwa lenzi ya boksi, kwenye jua, nikifurahi. Nilifungua ile moja nyumbani, nikiwa nimevua viatu. Unaona kope za Shadrack moja moja. Unaona midomo ya Wairimu imefunguka kidogo karibu na sikio lake, na mkono wake kwenye bega, na pete haijavaliwa bado. Nilimwita Neema aje aione. Aliitazama, akasema, "Mum, hii ni wewe umepiga?" Nikamwambia ni mimi na Fundi na plasta.

Wiki iliyofuata nilizitandaza picha kwenye kaunta ya saluni. Wateja wakasimama na vichwa nusu vimesukwa. Wairimu alizipitia haraka, akikosoa gauni, akikosoa shangazi fulani, mpaka akafika ile. Akaisukuma kwa Shadrack, ambaye alikuwa ameingia na sahani ya saa saba.

Shadrack aliweka sahani chini. Akajipangusa mikono kwenye aproni, pande zote mbili, kabla ya kuigusa. Aliitazama muda mrefu mpaka tukaanza kutazamana.

"Hapa ndio mimi niliolewa," akasema.

Saluni ililipuka kwa kicheko. Kuna mama aliyelazimika kushikiliwa kwenye kiti. Shadrack hakuona cha kuchekesha. Akaichukua picha, akaenda nayo, akaitundika kwenye msumari juu ya gogo lake la kukatia nyama, ambapo kila mteja angeiona.

Pale si mahali pa picha. Kila baada ya miezi kadhaa mafuta yanairukia, moto unaikunja, inakuwa rangi ya chai, na Shadrack anakuja na ile ya zamani mkononi kuniomba nyingine. Nilimwambia aiweke kwenye fremu ya kioo. Akasema kioo kinameremeta, hawezi kumwona Wairimu vizuri akiwa kazini. Nikamwambia aitundike nyumbani. Akasema nyumbani Wairimu yuko mwenyewe. Kwa hivyo kibanda nilishamwachia mwingine, na kamera niligawa, lakini mashine moja ya kuchapisha bado iko sebuleni kwangu, Satellite, imefunikwa kitambaa. Nimestaafu kazi zote isipokuwa hiyo.